Seti ya Super Cub ya balsa na tishu: nimeijenga na kuirusha hapa Mombasa, maoni yangu ni haya

Nianze na jibu manake najua wengi mwataka jibu kwanza. Ndio, inunue, lakini ujue unachonunua ni mbao na mchoro. Mpira uliomo ndani ya boksi, tishu iliyomo, na yale maelezo ya kupaka vanishi, hayo yote yamefikiriwa na mtu anayekaa penye baridi na hewa kavu, na ukiyafuata vile yalivyo hapa pwani utapata ndege ya mabawa yaliyojipinda na mpira unaokatika. Ukibadilisha hivyo vitatu basi ni seti nzuri sana, mimi nimeipenda kwa dhati na nshaanza kutafuta nyengine.

Kwa ambao hawajui twazungumzia nini: hizi si zile ndege za plastiki za kubandika alafu zikae kabatini, wala si droni. Ni ndege inayoruka kweli, mifupa yake ni vijiti vya balsa, ngozi yake ni karatasi ya tishu, na injini ni mpira mrefu uliopita ndani ya kiwiliwili kutoka kwa propela mpaka mkiani, wausokota, waachia, yaenda. Wazo lenyewe ni kongwe kuliko ndege za kupanda watu. Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha kidege chake cha mpira kwenye bustani ya Tuileries kule Paris, Agosti 1871, kikaenda kama mita 40 kwa sekunde 11, na wale ndugu wawili kina Wright walipokuwa wadogo, mwaka 1878, baba yao aliwaletea kidude cha kuruka cha mpira kilichotokana na kazi za huyo huyo Pénaud. Wenyewe walikuja kusema hapo ndipo hamu ilipoanzia. Kwa hivyo mtu akikwambia huu ni mchezo wa watoto mwambie sawa, lakini aangalie watoto gani.

Seti yenyewe ni Piper Super Cub, upana wa mabawa kama sentimita 50, yatoka kwa kampuni moja ya Uingereza. Niliichagua Super Cub kwanza kwa sababu ni ndege tunayoijua sisi. Ukienda Tsavo, zile ndege ndogo za viti viwili, mmoja nyuma ya mwengine, bawa liko juu, zapita chini chini zikitafuta ndovu na kufuatilia majangili, nyingi ni hizi hizi, KWS, lile shirika la wanyamapori la Kenya, wazitumia, na Sheldrick Trust, wale wahifadhi wa ndovu, wazitumia. Piper walianza kuzitoa mwaka 1949 na hadi leo zafanya kazi, manake zaweza kutua mahali pafupi na kwenda polepole bila kuanguka. Na hiyo tabia ya kwenda polepole ndiyo sababu ya pili. Ndege ya bawa juu ikilala upande yaelekea kujirudisha yenyewe, na ndege ya mpira haina rubani wala rimoti kwa hivyo lazima ijirudishe yenyewe. Watu wengi wanaoanza huvutiwa na Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza, kwa sababu ni nzuri, kwa kweli ni nzuri, lakini bawa liko chini na pua ni ndefu, ni ndege ya kuiendea baadaye mkono ukishazoea.

Bei. Seti ilikuwa kama elfu nne ukibadilisha pauni kuwa shilingi, lakini weka na gharama ya kutuma, na ushuru, na VAT ya 16%, mpaka naishika mkononi ilikuwa imekaribia elfu nane. Agizeni wawili watatu kwa pamoja, gharama ya kutuma boksi moja na ya kutuma boksi tatu hazipishani sana. Boksi lilifika limebonyea pembe lakini ndani kila kitu kizima, mbao zimebanwa na kadibodi pande zote, hapo nawapa heko.

Sasa mbao, manake hapa ndo penye roho ya seti yoyote na ndo mahali watu hawaangalii. Balsa si kitu kimoja. Mti ni mmoja, Ochroma pyramidale, waota Amerika ya Kati na ya Kusini na nyingi inayouzwa duniani yatoka Ecuador, wakua haraka ajabu, miaka mitano mpaka saba washakatwa. Lakini mti na mti hutofautiana, ata kipande na kipande cha mti mmoja, kuna balsa ya kilo 100 kwa mita moja ya ujazo, ya kawaida ni kama 160, na kuna inayopita 200 ambayo kwa ndege ya mpira ni mzigo tu. Na kama hukuwa wajua, balsa ni jamaa wa mbuyu na msufi, ukoo mmoja kabisa, ukipita Mama Ngina, pale kando ya bahari, ukaiona ile mibuyu mikubwa hao ni binamu zake. Nshaulizwa mara nyingi kwani tusitumie msufi wetu, nao si mwepesi? Ni mwepesi kweli, lakini uzito wake kwa kawaida wakaribia mara mbili ya balsa nzuri au zaidi, na katika ndege nzima ya gramu ishirini na kitu huwezi kuubeba uzito huo. Ilivyo ni kwamba balsa hata huko kwenyewe si rahisi tena, manake yale mapanga makubwa ya mitambo ya umeme wa upepo nayo hujazwa balsa ndani, na mwaka 2019 na 2020 mahitaji yalipanda hivi hivi bei zikaruka na wauzaji wa vifaa vya hobi wakakosa mbao. Kwa hivyo usishangae ukiona seti ya leo ina mchanganyiko.

Jinsi ya kuijua balsa yako. Chukua shiti ya unene wa 1/16 ya inchi, upana inchi 3, urefu inchi 36. Ikipima gramu 11 hiyo ni nyepesi na uitunze kwa mbavu na mkia. Gramu 18 ni ya wastani. Ikifika 22 weka kando, itakufaa kwa kazi nyengine. Mizani ya jikoni haitoshi kwa kazi hii, wataka inayosoma chini ya gramu moja, na hapa Mombasa watu wenye mizani hiyo ni masonara, mimi nlienda kwa sonara mmoja Mji wa Kale nikamwomba, akanipimia kipande kwa kipande kwenye mizani yake ya dhahabu, alafu akataka kujua ni nini, ikawa ni mazungumzo ya asubuhi nzima. Siku hizi hizo mizani ndogo za betri zapatikana kwa bei rahisi, nunua moja.

Kwenye seti hii mashiti ya mbavu na fremu yalikuwa mepesi, safi kabisa, sina neno. Fito ndo zilikuwa mchanganyiko, nyengine laini zapindika kwa pumzi, nyengine ngumu kama za sanduku. Hilo lina dawa. Kabla hujakata chochote zishike moja moja mwisho mmoja, uangalie yainama vipi, alafu uzipange jozi jozi. Zile ngumu zinazolingana ziende kwa fito kuu nne za kiwiliwili, manake ukiweka ngumu kulia na laini kushoto, ukija kuvuta mkia pamoja upande mmoja wakunja na mwengine wakataa, na ndege itatoka imejipinda na haitaruka sawa maisha yake yote. Fito laini nenda nazo mgongoni na tumboni ambako kazi yake ni kushikilia tishu tu. Seti haisemi hili popote na ingepaswa kusema.

Ukataji ni wa leza na ni mzuri mno. Zamani seti nyingi zilikuwa zapigwa kwa kisu cha mashine, mbao yapondeka kandoni na vipande vyatoka vimekwaruzika. Hii mbavu zote zaingia kwenye nafasi zake bila kulazimisha. Kitu kimoja, leza huacha ukingo mweusi umeungua, gundi haishiki vizuri pale, pitisha msasa laini kidogo tu kila mahali patakapogusana. Kidogo tu, ukizidisha nafasi zalegea.

Mchoro ni mkubwa, mistari iko wazi, mpaka nafasi ya kila pini. Maelezo ni ya Kiingereza, herufi ndogo lakini picha ni nyingi na mtu ataelewa kwa picha peke yake. Pa kujengea mimi natumia kipande cha softibodi ile ya dari, yauzwa hadwea, pini zaingia na kutoka bila taabu, juu yake mchoro, juu ya mchoro ile plastiki nyembamba ya kufunikia chakula ili gundi isigande kwenye karatasi. Kisu ni bledi ya upasuaji namba 11 kutoka duka la dawa, kali kuliko kisu chochote cha hobi na bei yake si kitu. Feni zima. Najua joto, lakini mbavu moja ikipeperushwa chini ya kabati utaitafuta mpaka alasiri.

Gundi nayo ina mambo yake huku kwetu. Maelezo yasema supaglu kwa haraka. Supaglu yaganda kwa unyevu wa hewa, na hewa ya Mombasa unyevu wake kwa kawaida uko juu ya asilimia 70, kwa hivyo yaganda pale pale, hupati nafasi ya kusogeza kitu hata kidogo. Tumia gundi nyeupe ya mbao, izimue na maji kidogo, tia tone kwa ncha ya kijiti cha meno, acha usiku mzima. Ni polepole lakini kiungo chatoka chepesi na hakivunjiki kwa ghafla. Supaglu iweke kwa waya wa magurudumu na kazi za kurekebisha uwanjani.

Haya, tishu. Iliyomo kwenye boksi ni nyeupe, nzito kidogo, na ikilowa hukatika kwa urahisi. Mimi sikuitumia. Tishu nzuri kwa kazi hii ni ya Kijapani, yapungua mpaka gramu 12 kwa mita ya mraba, ina nyuzi ndefu, waweza kuilowesha na isitoboke. Wengine watasema si kuna tishu za zawadi Biashara Street, rangi zote, za bei ya chini? Zipo na nimezijaribu kwa vitu vidogo, lakini nyingi ni kama gramu 17 na ukizirushia maji hulegea vibaya na rangi yachuja, nyekundu yaingia kwenye nyeupe. Kwa mtoto anayejifunza sawa, kwa ndege uliyoikalia wiki na wiki agiza ya Kijapani, ni karatasi chache tu na hazina uzito wa kutuma. Angalia nyuzi zaenda wapi kabla ya kukata: rarua pembe kidogo, upande unaoraruka sawasawa ndio nyuzi zinakoelekea, na huo uende kwa urefu wa bawa.

Waibandika pembezoni tu, si kwa kila ubavu, alafu waipulizia maji kama ukungu kwa ile chupa ya kupigia pasi, ikikauka yajivuta yakaza kama ngoma. Na hapa ndo pwani inaanza kusema. Hewa ikiwa kavu tishu yajivuta yakaza, hewa ikijaa unyevu yalegea, na mbao nayo yafanya vivyo hivyo kwa kasi yake. Bawa ulilolikausha mchana wa jua Februari, usiku lakunjamana, asubuhi lakaza tena, na kila mara lajaribu kupinda kidogo. Kwa hivyo bawa likishalowa lirudishe kwenye softibodi, libane kwa pini na vipande vya mbao, liache humo mpaka siku ya pili ata kama laonekana limekauka. Maelezo ya seti yasema nusu saa. Nusu saa hapa haifui dafu.

Alafu vanishi. Kule kwao wana vanishi maalum ya selulosi ya kupaka tishu, lakini haiwezi kuletwa kwa ndege manake ni kitu cha kushika moto, kwa hivyo hapa twatumia ile sanding sila ya selulosi ya mafundi wa fanicha, pamoja na thina. Izimue sana, sila moja kwa thina mbili au tatu, koti mbili nyembamba zatosha. Na usipake siku ya mvua wala usiku. Thina ikiruka hupoza ile sehemu, unyevu wa hewa waganda juu yake, na tishu yako yatoka na mabaka meupe kama ukungu wa kioo. Kila fundi wa fanicha Mombasa alijua hilo, muulize yeyote aliyepaka kabati mwezi wa Mei. Ngoja saa tano mpaka saa tisa mchana, siku yenye upepo mkavu wa kaskazi, mlango wazi, mbali na jiko. Na tia matone machache ya mafuta ya mbarika ndani ya sila, hayo huifanya ngozi ibaki laini isiendelee kujivuta kwa miezi na kuzikunja mbao. Mbinu hiyo ya mbarika ni ya zamani sana kwa wajenzi wa kila mahali, na sielewi kwa nini maelezo ya seti hayaitaji.

Baada ya yote ndege yangu ilipima gramu 27 bila mpira. Kwa ukubwa huu nimeridhika.

Mpira. Hapa nasema wazi, ule wa kwenye boksi utupe au ufungie fito. Ulikuwa mfupi, unene wa kutosha lakini hauna nguvu ya kurudisha, na mpira wa asili wachukia joto, jua na hewa, wakikaa kwenye kontena na stoo za joto wafika umeshazeeka. Agiza mpira wa ndege hasa, mzuri unaosifiwa na wengi ni Tan Super Sport, wauzwa kwa mita. Ukifika ulaze ndani ya mfuko uliofungwa, giza, kwenye friji, na utoe tu siku ya kurusha. Najua kuna watakaosema si kuna mpira wa tyubu, tuliutumia kwa manati tukiwa wadogo. Tyubu nyingi za siku hizi ni za butili, mpira wa kutengenezwa kiwandani, na butili wafaa kushika hewa lakini ukiivuta hairudishi nguvu yote, yaila yenyewe kwa ndani. Manati yakubali kwa sababu mkono wako una nguvu za ziada, kidege cha gramu 27 hakina.

Kitanzi cha mpira kiwe kirefu kuliko nafasi iliyoko kati ya ndoano mbili, mara moja na nusu hivi, ndo upate mizunguko mingi. Upake glisarini na sabuni ya maji ili nyuzi ziteleze zisijikate, usipake vaselini wala mafuta ya injini, hayo yaula mpira. Na usisokote kwa kidole, tafuta drili ya mkono, ile ya zamani ya kuzungusha yenye gia, Kongowea kwenye vyuma vya mtumba utaipata. Mwenzako ashike ndege, wewe uvute mpira mara nne ya urefu wake, uanze kusokota ukiwa mbali, na kadri unavyosokota ndivyo unavyosogea, mpaka ukifika kwenye pua mizunguko imejaa. Tofauti ni kubwa mno. Kwa mpira wa boksi na kidole, ndege yangu ilikuwa yapanda kidogo yatua. Kwa mpira mzuri na drili yakaa juu kama nusu dakika, yazunguka duara pana juu ya vichwa, na zile sekunde za mwisho propela ikishasimama yateleza yenyewe bila sauti yoyote, hapo ndo utaelewa kwa nini watu wazima wamefanya hili kwa zaidi ya miaka mia.

Lakini kabla ya kusokota pima kama imelingana mbele na nyuma, mpira ukiwa ndani. Bawa lishike kwa ncha za vidole viwili, theluthi moja kutoka mbele, ndege ikae sawa au pua iiname kidogo. Super Cub hii ina pua fupi kwa hivyo mkia huwa mzito, nilitia plastisini ya watoto ndani ya pua, karibu gramu mbili. Seti haikutoa kitu cha kuongezea uzito na sanduku lasema ndege yatoka ikiwa imelingana, hailingani. Alafu irushe kwa mkono taratibu juu ya nyasi, mpira ukiwa ndani lakini haujasokotwa, pua chini kidogo. Ikipanda ikasimama alafu ikadondoka, ongeza plastisini. Ikizama moja kwa moja, toa. Ikishateleza vizuri ndo uweke mizunguko michache. Ikiwa kwa nguvu ya mpira yainua pua na kusimama hewani, usiguse plastisini tena, bandika kipande cha kadi nyuma ya kizibo cha pua upande wa juu ili propela iangalie chini kidogo. Ikiwa yavuta kushoto na kuzama, kipande cha kadi upande wa kushoto, propela iangalie kulia. Vipande vya kadi vya mwaliko wa harusi vyafaa sana kwa unene.

Pa kurushia. Mama Ngina sahau, upepo wa bahari haukatiki na ukipotea kidogo ndege iko kwenye mkondo wa Likoni. Ufukwe wa Nyali maji yakiwa yamekupwa ni mpana na waonekana mzuri, lakini maji ya chumvi na mchanga vyaingia kila mahali na upepo ni ule ule. Mimi narusha kwenye uwanja wa shule upande wa Kisauni, kwa ruhusa, asubuhi mapema kabla jua halijapanda, wakati umande, ule upepo wa asubuhi, bado watoka bara na hewa imetulia. Saa mbili ikipita upepo wa bahari waingia na kazi imekwisha. Kwa mwaka, kusi ikishika nguvu Juni mpaka Agosti fanya kazi ya kujenga tu. Maleleji ndo msimu wetu, ule wakati upepo haujaamua, mwezi wa tatu kabla ya masika na tena mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Andikeni namba ya simu kwenye ndege, manake ikipata hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye lami au mabati yaweza kwenda mbali, na asanteni sana majirani wa ule uwanja mlioirudisha.

Mpwa wangu ambaye ni mtaalamu wa tiara, tena anazitengeneza mwenyewe kwa vijiti vya makuti, aliishika hii ndege akaiinua kwenye mwanga akaangalia mbavu zote kupitia tishu, akaniambia, "Mjomba, hii waweza kuitengeneza bila kununua boksi." Na ana haki. Michoro ya zamani ipo bure kwenye tovuti ya Outerzone, maelfu, na pale mjini wale wanaokata mabango ya plastiki kwa leza waweza kukukatia mbavu ukiwapelekea faili na shiti ya balsa. Nimewauliza wawili, wote walikubali, mmoja alisema mbao laini hivyo ni rahisi kuliko plastiki. Kwa hivyo hesabu yangu ya mbele ni kuagiza mashiti ya balsa, tishu na mpira kwa wingi, kushirikiana watu kadhaa, na kukata hapa hapa. Lakini kwa ndege ya kwanza nunua seti, manake yakufundisha unene wa kila kijiti na mpangilio wa kazi, na mchoro mbaya wa bure utakuvunja moyo kabla hujaanza.

Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi au kumi na mbili hivi usimpe hii, mpe kwanza glaida ya shiti tupu ya balsa, vipande vinne vitano, ya kurusha kwa mkono, ajifunze kulinganisha kwa plastisini. Na kwa mwalimu yeyote anayesoma hapa akitaka kufanya na klabu ya shule: seti moja kwa wanafunzi wawili, drili moja yatosha darasa zima, mizani moja, na chumba chenye dirisha la kufunguka siku ya sila. Mpira agizeni mwezi wa pili ili uwe kwenye friji kabla maleleji hayajafika.